Mkwe Aliyekataa Kupimwa

Nina hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe. Pasta ameniambia nipoe. Kina mama wa chama wameniambia nipoe. Dada yangu amepiga simu kutoka Kangari, huko kwetu kwenye majani chai, akaniambia ati Ngendo, tulia, presha itakuua. Situlii. Mwanamume wa miaka thelathini na moja amelala kwenye sebule yangu, mfupa wa paja umeshikwa kwa vyuma. Ni mume wa binti yangu wa pekee, na hajui kama atatembea tena sawasawa au atachechemea hadi uzeeni. Na sababu ni kuoneana haya. Si pombe, si breki, si Mungu. Haya tu, yake na yangu.

Mimi ni fundi wa kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne. Gereji yangu iko hapa Nanyuki, nyuma ya soko la mifugo, na wote wananiita Mama Warigia. Kwadi za kazi zinatoka kwenye mashamba ya ngano kule Timau. Za mbio zinaletwa na vijana wanaopenda kuruka vilima vya udongo Jumapili badala ya kukaa na wake zao. Kazi hii nilifundishwa na marehemu mume wangu, Gatimu. Nilikuwa nakuja gereji kumletea chai, nikaanza kumshikia taa, kisha spana, na macho yake yalipoingia ukungu nikawa mimi ndiye macho. Alipofariki, watu walingoja nifunge nikauze mitumba. Bado wanangoja.

Kitu kinachonipa jina ni kupima kimo. Kwadi ya mbio ina springi, na juu ya kila springi kuna ringi. Ukiikaza, mashine inasimama juu. Ukiilegeza, inaketi chini. Ikiketi chini sana, tumbo lake linagonga ardhi kila inapotua. Na kama springi zimekazwa kuliko uzito wa mwenyewe, haikubali kushuka. Ikitua inaruka tena yenyewe na kumtema. Sasa kipimo utakijuaje? Unajaza magurudumu upepo sawasawa, unaiweka mashine kwenye simiti iliyonyooka, na mwenyewe anapanda. Mwenyewe! Na buti, na helmeti, na kila kitu atakachovaa siku ya mbio. Anarukaruka juu ya kiti ili springi zikae, anatulia, halafu mimi napiga magoti na tepu, napima kutoka simiti hadi chuma cha chini. Inchi tisa mbele, nane na nusu nyuma. Nakaza, nalegeza, anarukaruka tena, napima tena.

Sijawahi kumwonea mteja haya. Kuna meneja mmoja mwenye kitambi alitaka anitajie kilo zake tu aende zake. Nikamwambia mimi sipimi maneno, panda. Akapanda. Yonis, anayeuza mbuzi upande wa pili wa ukuta, hunicheka: "Mama Warigia, wewe unapima watu kama mimi ninavyopima mbuzi!" Namjibu kwamba mbuzi wake wana nidhamu, hawabishani na mizani.

Basi hiyo ndiyo mimi. Fundi asiyekubali upuuzi. Sasa sikia upuuzi nilioukubali.

Binti yangu Warigia aliolewa miaka minne iliyopita na Moffat, kijana wa Mweiga anayeendesha trekta kwenye shamba la ngano Timau. Kijana mzuri, sikatai. Hanywi, hampigi mwanangu, anasalimia watu. Lakini kwetu, mama mkwe na mkwe wa kiume wanaoneana haya. Hakai karibu na mahali ninapolala. Sili nikiwa nimemtazama. Tukikutana njiani, mmoja anasogea kando, na salamu inatolewa huku kila mtu akiangalia miguu yake. Siku hizi wengi wa mjini wameyaacha hayo. Nawaona kanisani wakikumbatiana na wakwe zao na kupiga picha. Sisi hatukuyaacha. Mama yangu aliyashika, nami nikajivunia kuyashika, na Moffat akanishinda hata mimi. Kwa miaka minne nilimjua mkwe wangu kwa viatu na koti. Lile koti kubwa la baridi analovaa kuanzia asubuhi hadi anapolala, ndani yake mtu angeweza kuwa na kilo tisini au hamsini, ningejuaje? Sikuwahi kumtazama.

Mwaka huu akatafuta springi mpya za kwadi yake ya mbio. Kulikuwa na mashindano nje ya Timau, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, na yeye alikuwa ameapa kumaliza katika watatu wa kwanza. Akaileta Alhamisi. Nikafunga springi, nikajaza upepo, nikaisukuma hadi kwenye simiti yangu iliyonyooka. Nikasema, nikiangalia ukuta, "Baba, vaa nguo zako za mbio, upande."

Nasikia buti zinasugua chini. Halafu akasema, "Mama, hiyo haiwezekani."

"Haiwezekani vipi?"

"Mimi nikae hapo nimepanua miguu, na wewe umepiga magoti hapo chini? Mama, hapana. Nimekuja na Peterson. Peterson atakaa."

Peterson ni kaka yake, ana bucha Mweiga. Alikuwa amesimama mlangoni anakula muhogo. "Sisi tunalingana tu, Mama," akasema. "Hata nguo tunavaliana."

Nitasema ukweli, kwa sababu nimechoka na waongo. Nilifurahi. Moyo wangu ulishuka ukatulia kabisa. Kwa maana tangu asubuhi nilikuwa nawaza: nitapitishaje mkono na tepu chini ya mguu wa mume wa binti yangu? Watu wakisikia watasema nini? Mimi, niliyempigia kelele meneja wa watu, nikamwacha Peterson apande. Akarukaruka na ule mwili wake wote wa mchinjaji, nikakaza ringi, nikakaza tena, mpaka tepu ikasoma inchi tisa mbele, nane na nusu nyuma. Kazi safi. Ilimfaa Peterson kama suti ya fundi cherehani. Nikaweka alama ya chaki kwenye ringi na kumrudishia mkwe wangu mashine, nikiangalia buti zake.

Jumamosi ilikuwa siku ya mazoezi. Nikaenda Timau, kwa sababu kazi yangu napenda kuiona ikitembea. Nilipofika, Warigia alinikimbilia, macho mekundu. "Mami, amerushwa. Mara mbili."

Nikamwona Moffat anajipangusa vumbi. Na kando yake, Peterson. Wote wawili wamevaa zile nguo za mbio zinazobana, maana Peterson naye alitaka kupigwa picha. Ngai! Kwa mara ya kwanza katika miaka minne nikamtazama mkwe wangu. Kijana ni mwembamba! Kiuno kama cha msichana wa darasa la nane. Kaka yake anamzidi nusu kichwa, na upana ni watu wawili. Wanavaliana nguo? Labda soksi!

Damu ilinipanda. Nikaenda hadi pale, tepu mfukoni, spana mkononi, na safari hii sikuangalia buti.

"Nani aliniambia mnalingana?"

Peterson akaanza kucheka. "Aki Mama, nilifikiria ni karibu tu..."

"Karibu! Wewe ni karibu na ng'ombe! Nimeikazia hii mashine uzito wako, sasa inamrusha ndugu yako kama mpira. Moffat, panda. Dakika kumi nailegeza, nimemaliza."

Watu wakageuka. Waendeshaji, wake zao, wauza mahindi choma. Na kulikuwa na mzee Gikonyo, baba mdogo wa Moffat. Ndiye aliyesimama badala ya baba yao marehemu siku ya kuleta mahari. Ameketi kwenye kiti cha plastiki, mwavuli umeshikwa na mtu mwingine.

"Mama Warigia," akaniita, polepole, kwa sauti ya kikao. "Ati unataka kuingia chini ya miguu ya mkweo? Hapa? Mbele ya watu?"

Mtu mmoja akacheka. Halafu watu kumi.

"Nataka kupima springi," nikasema.

"Hiyo ni aibu ya kulipiwa faini ya mbuzi. Kwenu Kangari hamkufundishwa?"

Nikamgeukia Moffat. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nikamwambia kwa sauti ya chini, karibu nimwombe, "Baba, hii mashine kesho itakuumiza. Nakuambia kama fundi. Panda."

"Mama, iko sawa," akasema. "Nitaizoea tu."

Sasa mtu mwenye akili angefanya nini? Angelala chini mbele ya magurudumu. Angekata waya isiwake. Angelegeza hizo ringi kwa kukisia, maana hata kukisia kwangu kungekuwa bora kuliko uzito wa Peterson. Mimi nilirudisha tepu mfukoni. Nilisikia kile kicheko, nikaona uso unanichoma, nikaenda kukaa kwenye gari la watu nikijifanya natafuta simu. Hasira nilizo nazo kwa Gikonyo ni nyingi, na Peterson nina zake, lakini kubwa kuliko zote nimejiwekea mwenyewe.

Jumapili, kwenye mbio zenyewe, alianguka kwenye kilima cha tatu. Alikuwa wa nne, anamfukuza wa tatu. Akaruka vizuri, akatua, na nyuma ikainuka yenyewe kama punda aliyechoka na mwenyewe. Yeye akaenda mbele, mashine ikaja juu yake. Nilisikia sauti. Sitaki kuielezea.

Tukampeleka hospitali Nyeri. Paja limevunjika mara mbili, nyonga imepasuka. Wakamtia vyuma, wiki tatu wodini. Na kule nje, unajua maneno yaliyozunguka? Kwamba kwadi iliharibiwa na fundi mwanamke. Hivyo tu! Gikonyo ndiye aliyeanza, kwenye mazishi ya mtu mwingine: "Ukipeleka mashine kwa mwanamke, utaletewa kiti cha magurudumu." Wateja wawili wakachukua kwadi zao hata sijazigusa. Hakuna aliyesema kijana alikataa kupanda. Hakuna aliyesema ni nani aliyecheka. Yonis peke yake alikuja, akakaa kwenye tairi, akasema, "Walahi, Mama, mngeniita. Ningewapima wote wawili kwa mizani ya mbuzi, bila mtu kupiga magoti." Nilimfukuza. Nilimfukuza kwa sababu alisema ukweli na ulikuwa umechelewa.

Alipotolewa hospitali, apelekwe wapi? Mama yao alishafariki. Peterson ana bucha na nyumba ya chumba kimoja. Warigia anafunga maua kwenye shamba huko Timau, anaondoka asubuhi, anarudi jioni, na hilo shamba halijui neno mgonjwa. Kwa hiyo akaletwa kwangu. Mkwe wangu, ambaye hakutaka nimuone amekalia kwadi na suruali nene na buti hadi magoti, akaletwa kwenye sebule yangu akiwa amevaa shuka.

Nani alimgeuza ubavu asipate vidonda? Mimi. Nani alishika chupa ya mkojo mchana kutwa? Mimi, Ngendo, nikiangalia kalenda ya ukutani. Yeye alikuwa anavuta blanketi mpaka juu ya uso. Namsikia humo ndani anapumua. Wiki mbili hivyo, hatuongei. Nikimlisha namlisha kwa hasira, kijiko kinagonga meno. Nilikuwa nataka kumzaba kofi na nilikuwa nataka kulia, kwa zamu.

Daktari alituonya. Wiki ya sita lazima aanze kusimama kwa magongo, kila siku, mguu ukigusa chini kidogo kidogo. Akiendelea kulala, nyonga itakauka ilivyo, na huo mguu hatautumia tena kama mguu. Trekta asahau. Warigia akanitazama siku hiyo, akasema, "Mami, tafadhali, mfanye asimame." Kama ni mimi niliyemlaza! Lakini nilijua anachoomba.

Magongo yakaletwa na Peterson, ya mbao, yale yenye matundu na nati za kupandisha na kushusha. Aliyaazima kwa jirani. Moffat akayajaribu siku ya kwanza na Warigia, akasimama nusu dakika, akarudi kitandani jasho linamtoka. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu akakataa. "Yananiua makwapa," akasema kutoka ndani ya blanketi. "Siwezi. Mniache."

Siku tano zikapita. Wiki ya saba ikaingia.

Jana mchana nilikuwa napanguza sebule, nikayachukua yale magongo yaliyoegemea kabati ili nipanguze nyuma yake. Mkono wangu ukasimama. Mtu aliyeshika vyuma miaka ishirini, mkono unajua kabla ya kichwa. Nikayasimamisha kando yangu. Nikaangalia zile nati. Nikaangalia blanketi na urefu wa mtu aliye ndani.

"Moffat," nikasema. "Haya magongo nani aliyapima?"

Blanketi likavutwa juu zaidi.

"Nauliza nani aliyapima!"

"Peterson," blanketi likasema. "Aliyajaribu huko nje kwenye korido. Akasema yako sawa, tunalingana."

Wacha wee! Nilipiga ukelele hata mbuzi wa Yonis wakanyamaza. Nikalirusha lile tambara. Nikatoka mbio hadi gereji, nikarudi na tepu, spana namba kumi na kipande cha chaki, nikasimama juu yake.

"Toa hiyo kitu usoni."

"Mama, wacha Warigia arudi. Jioni atanipima yeye."

"Warigia hajui kupima! Mimi ndiye fundi hapa! Uliogopa nikuone umevaa buti, sasa sijakuona? Kuna kitu gani chako ambacho sijaosha? Kaka yako alikaa kwenye kwadi badala yako, ukavunjika. Kaka yako amesimama kwenye magongo badala yako, unataka kukauka. Akukalie na kwenye kitanda cha binti yangu basi, kwa sababu mnalingana! Vaa viatu. Vyote viwili. Vaa, Moffat, ama nitakuvalisha."

Blanketi likashuka polepole. Nikauona uso wake, na sikuangalia kalenda. Uso umekonda, ndevu zimeota ovyo, macho yamejaa maji. Nikagundua ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Miaka minne, na sikujua mkwe wangu ana kovu.

Akavaa viatu, mimi nimeshika kile cha kulia. Nikamshika kwapani, nikamwinua. Akasimama na kaptura yake, mguu mmoja mzima, mwingine mwembamba na mshono mrefu, anatetemeka, ameshika kabati. Nikapiga magoti. Mgongo ulilia, mimi si msichana. Nikaweka tepu sakafuni, nikaipandisha kando ya mguu wake hadi kwapani, nikatoa upana wa vidole vitatu. Tofauti ilikuwa inchi mbili na nusu. Inchi mbili na nusu za Peterson! Nikafungua nati, nikashusha gongo la kulia, nikakaza, nikaweka chaki.

"Liegemee. Tulia. Linachoma?"

"Hapana," akasema. Akashangaa. "Mama, halichomi."

Hapo ndipo mlango uliposukumwa. Mzee Gikonyo, kofia mkononi, na mfuko wa ndizi. Amekuja kumtazama mgonjwa, mara ya kwanza tangu aletwe. Akatuona. Mimi chini, kichwa changu kwenye goti la mkwe, mkwe na kaptura. Zile ndizi zikaanza kuteremka mkononi mwake. Akageuza uso akatazama mlango, akasema, "Ngai, Mama Warigia. Hata ndani ya nyumba?"

Nitasema ukweli tena: uso ulinichoma vilevile kama siku ile ya Timau, na goti langu likaanza kuinuka lenyewe. Tepu ilikuwa tayari inarudi mfukoni.

Mkono ukanigusa begani. Mkono wa Moffat, ambaye hajawahi kunipa hata salamu ya mkono. Ukanikandamiza chini.

"Mama, usiinuke," akasema, kwa sauti ambayo mzee aliisikia vizuri. "Bado la kushoto."

Nikapima la kushoto.